Kabla ya Kumtafuta Mfadhili, Andikeni Timu ni ya Nani

Mwaka 1965 ubingwa wa ligi ya taifa ya Kenya ulikuja Mombasa, ukachukuliwa na timu ya Feisal. Kisiwa hiki kilikuwa pia na Liverpool, kilikuwa na Mwenge, na baadaye Coast Stars iliyocheza ligi kuu mpaka miaka ya 2000. Keti kwenye baraza yoyote ya Kibokoni au Kuze baada ya Alasiri uzitaje timu hizo. Utahesabiwa mabao, utatajiwa kipa na winga wa kushoto, utaambiwa nani alimpiga nani chenga. Sasa uliza daftari za Feisal ziko wapi, na nani alikuwa na haki ya kisheria juu ya jina lile, rangi zile na nafasi ile kwenye ligi. Hapo hupati jibu.

Makala hii nawaandikia nyinyi mnaoendesha timu za madaraja ya chini hapa kisiwani: wenyeviti, wakatibu, waweka hazina, na makocha ambao Jumamosi usiku bado wanapiga simu kutafuta nauli ya Jumapili. Rai yangu ni kwamba uhaba wa fedha katika timu zetu huanzia kwenye umiliki. Timu isiyojulikana ni ya nani haina anayeona wajibu wa kuilipia, isipokuwa yule mmoja anayejiona ndiye mwenyewe. Siku huyo akichoka, akiyumba kibiashara, akihamia Muscat au akifariki, timu yaondoka naye.

Simdharau mwenye timu. Soka ya mtaani ya Mombasa imebebwa na wafanyabiashara waliotoa mipira na jezi bila kudai kutajwa, na wengi wao walitoa kwa ajili ya watoto wa mtaa tu. Lakini fikiria inavyokwenda. Mwaka wa kwanza anatoa nauli. Mwaka wa pili analipa marefa na kununua viatu. Mwaka wa tatu timu inapanda daraja, na yeye anamweka mtoto wa dadake kuwa meneja. Mwaka wa nne kunatokea ugomvi na kocha, naye anasema neno ambalo karibu kila mtu wa soka hapa amewahi kulisikia: timu ni yangu, nimetumia pesa zangu. Hakuna karatasi ya kumpinga wala ya kumuunga mkono. Timu inagawanyika mbili, na nafasi ya ligi inabaki kwa yule mwenye namba ya siri ya usajili.

Dawa yake ni ndogo na hailipiwi. Kila mtu anapotoa pesa kwa ajili ya timu, siku hiyo hiyo iandikwe ni zawadi au ni deni, mbele ya mashahidi wawili. Kama ni zawadi, imekwisha, haidaiwi na haizai hisa. Kama ni deni, kiasi kitajwe, muda utajwe, na kamati iseme italilipa kwa fedha zipi. Mfadhili mwaminifu hatachukia kuulizwa. Atashukuru, maana watoto wake nao watajua baba yao aliacha nini. Anayekataa kusema amewaonyesha mapema mkono wake ulivyo. Afadhali mcheze msimu na jezi zilizofifia kuliko kupokea fedha zake.

Watu wa Mji wa Kale hawahitaji kuletewa fikra hii kutoka mbali. Tumeishi na wakfu tangu enzi za mababu, na Tume ya Wakfu ina ofisi yake hapa hapa Mombasa. Nyumba ikishawekwa wakfu haiuzwi, hairithiwi, haitolewi zawadi. Msimamizi huisimamia, hukusanya kodi, hukarabati paa, na akiondoka huja mwingine. Hakuna msimamizi anayeamka siku moja akasema nyumba ni yake kwa sababu aliipaka chokaa. Sisemi timu ya mpira ni wakfu kwa maana ya sharia, hilo ni la masheikh. Nasema desturi ya kutenganisha msimamizi na mwenye mali tunayo tayari, na ndiyo zinayoikosa timu zetu.

Kwa sheria za Kenya mlango upo. Sheria ya Michezo ya mwaka 2013 iliunda ofisi ya Msajili wa Michezo, na klabu husajiliwa huko ikiwa na katiba yake na viongozi waliochaguliwa. Sheria hiyo hiyo iliunda Mahakama ya Migogoro ya Michezo, ambako mgogoro wa uongozi unaweza kupelekwa badala ya kumalizwa kwa ngumi uwanjani. Timu nyingi za mtaani zimesajiliwa kama kikundi cha kijamii tu, na kwa timu ya watoto huo ni mwanzo mzuri: Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022 inataka wanachama wasiopungua kumi. Timu inayocheza ligi za Shirikisho la Soka la Kenya (FKF) na inayotaka kudumu iende mpaka kwa Msajili wa Michezo. Mkitaka baadaye kuendesha duka la jezi au chuo cha watoto kinacholipiwa, fungueni kampuni inayomilikiwa na klabu. Msifanye kinyume chake, klabu ikamilikiwa na kampuni ya mtu.

Katiba msinakili ya timu nyingine mkabadilisha jina. Kaeni muiandike kwa Kiswahili kwanza, ili kila mchezaji na kila mzazi aielewe, kisha wakili aipange kisheria. Vipengele vingi vitakuwa vya kawaida. Vitatu nawasihi msivikose. Cha kwanza, jina, nembo, nafasi kwenye ligi na kumbukumbu za wachezaji ni mali ya wanachama wote kwa pamoja, na haviwezi kuuzwa, kukodishwa wala kuhamishwa ila kwa theluthi mbili ya wanachama katika mkutano mkuu ulioitwa kwa notisi ya siku 21. Cha pili, klabu ikivunjwa, kilichobaki kiende kwa klabu nyingine ya vijana ya kisiwani, kisigawiwe viongozi. Cha tatu, hakuna mtu mmoja anayeshika peke yake namba za siri za usajili wa ligi, za akaunti ya benki wala za kurasa za mitandao. Hicho cha tatu chaonekana kidogo, lakini siku ya ugomvi aliye na namba za siri ndiye mwenye timu, hata katiba iseme nini.

Mtaniuliza: mbona Bandari imedumu? Bandari imedumu kwa sababu nyuma yake kuna Mamlaka ya Bandari ya Kenya. Ina uwanja wa Mbaraki, ina basi, na wachezaji wake wana ajira au mishahara. Mwaka 2019 ilitwaa kombe la taifa kwa kuwafunga Kariobangi Sharks, ikaipeperusha bendera ya Kenya katika Kombe la Shirikisho la Afrika. Ni fahari ya mji wote. Lakini shirika moja haliwezi kuzaa Bandari kumi, na timu ya shirika nayo ina ajali yake. Sony Sugar ilikuwa timu ya kiwanda cha sukari cha Awendo, na mwaka 2006 ilikuwa bingwa wa Kenya. Kiwanda kilipoishiwa, timu ilishindwa kufika kwenye mechi tatu, na mwaka huo huo wa 2019 ikaondolewa ligi kuu.

Kuhusu kampuni za kamari, somo liko wazi. Januari 2018, ushuru wa asilimia 35 ulipoanza, SportPesa ilitangaza kusitisha udhamini wake wa michezo nchini. Ikarudi, kisha mwaka 2019 leseni ilipoingia mashakani ikaondoka tena, na ligi kuu ikaanza msimu bila mdhamini. Mwaka 2020 ikaja BetKing na mkataba wa miaka mitano wa shilingi bilioni 1.2, mwaka uliofuata ilikuwa imekwisha kujitoa. Ikiwa Gor Mahia na AFC Leopards walitikiswa hivyo, timu ya Daraja la Pili itasimama kwa lipi? Na hapa kwetu kuna jambo jingine la kusemwa wazi: wazazi wengi wa Mji wa Kale hawatakubali mtoto wao avae jezi yenye jina la kamari, na wana haki. Liamueni suala hilo kwenye katiba, mapema, siku ambayo hakuna bahasha mezani.

Sasa pesa zenyewe. Anzeni na gharama ya mechi moja, na muijue kwa shilingi. Nunueni kitabu cha kaunta, kila mechi ukurasa wake. Tuseme Jumapili mnakwenda Malindi. Upande wa kushoto mweka hazina anaandika: gari, 12,000, chakula cha wachezaji 20 na viongozi, 5,000, maji na matunda, 1,200, barafu, bandeji na dawa ya kupulizia, 800. Jumla 19,000. Upande wa kulia anaandika zilikotoka: ada za wanachama kiasi fulani, mfadhili kiasi fulani, na upungufu uliolipwa na nani. Chini wanasaini wawili. Mechi ya nyumbani nayo iwe na ukurasa wake wa marefa, gari la wagonjwa na kupiga chokaa uwanja. Ukifika mwisho wa msimu una kurasa ishirini na kitu, na hizo ndizo bajeti ya mwaka ujao. Mfanyabiashara wa Biashara Street akiletewa kitabu kama hicho ataongea nanyi lugha nyingine kabisa, maana yeye mwenyewe huishi na kitabu kama hicho chini ya kaunta yake.

Pesa zisipitie simu ya mtu. Hili nalisema kwa mkazo kwa sababu limevunja timu nyingi kuliko kufungwa mabao. Mwanachama akituma mia kwenye namba ya mweka hazina, ile mia inachanganyika na ada ya shule ya mtoto wake na unga wa nyumbani, na hata akiwa mwaminifu kiasi gani hawezi kuthibitisha. Chukueni namba ya Paybill au Till kwa jina la klabu, iliyofungwa na akaunti ya benki yenye watiaji saini watatu, na kila mwisho wa mwezi taarifa ya miamala iwekwe kwenye kundi la WhatsApp la wanachama wote. Isiwe muhtasari ulioandikwa na katibu. Iwe taarifa yenyewe ilivyotoka.

Mkishafanya hivyo, ndipo muombe ada. Wanachama 300 wakitoa shilingi 50 kila mwezi, ni 15,000 kwa mwezi na 180,000 kwa mwaka. Si fedha za kusajili nyota, lakini ni safari tisa za Malindi kwa hesabu ile ya juu, na hazimtegemei mtu mmoja kuamka na furaha. Muhimu zaidi, aliyelipa 50 anakuja mkutanoni na kuuliza. Anayeuliza ndiye mlinzi wa klabu. Na msiwasahau wa kwetu walioko Jeddah, Dubai, Leicester na Toronto. Hao tumezoea kuwakumbuka timu inapokwama tu, tukawatumia picha ya kijana aliyevunjika mguu. Wapeni kadi ya uanachama, kura kwa njia ya simu, na ripoti ya kila mwezi. Mtu aliyezaliwa Mkanyageni atalipa ada ya mwaka mzima kwa moyo mkunjufu akijua jina lake limo daftarini.

Kiingilio msikitegemee. Viwanja kama Serani na Makadara haviwezi kuzungushiwa kamba watu wakalipa, na uwanja wa manispaa ulipobomolewa ili ujengwe upya, kazi ilikwama kwa miaka, timu zikabaki kugombania nafasi. Mapato ya kisiwani yako pembeni ya uwanja. Mwezi wa Ramadhani, baada ya tarawehe, mji hauna usingizi. Mashindano ya usiku huleta umati ambao mechi ya ligi ya saa kumi jioni haiwezi kuuota. Mwenye viazi karai, mwenye kachri, mwenye maji ya miwa, mwenye kahawa na kashata, wote hao wako tayari kulipia meza zao kwa klabu ikiwa taa zipo na usalama upo. Timu shiriki zalipa ada ya kuingia. Kuna sharti moja la kuyalinda mashindano hayo: zawadi ya mshindi isizidi fedha zilizokwisha kuingia benki kabla ya mechi ya kwanza. Klabu nyingi zimetangaza mbuzi na kombe na fungu la pesa kwa kuitegemea ahadi ya mheshimiwa, mheshimiwa akazima simu, na aibu ikabaki mtaani.

Kuhusu waheshimiwa, uchaguzi wa 2027 unakuja na jezi zitamwagwa. Zipokeeni. Pokeeni mipira, nyavu, hata bima kwa wachezaji, na mshukuru hadharani. Lakini msitoe jina la timu, msimfanye mgombea kuwa mlezi wa kudumu, na msipange matumizi ya msimu juu ya neno lililosemwa jukwaani. Kitu kilichoko mkononi ndicho cha kuandika kitabuni.

Kuna mali moja ambayo karibu kila timu ya kisiwani inayo na haijui: historia ya usajili wa watoto wake. Kanuni za FIFA zinasema mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine mkataba wake ukiwa bado hai, asilimia 5 ya bei hugawiwa vilabu vilivyomlea kuanzia mwaka anaotimiza miaka 12 hadi mwaka anaotimiza 23. Kila mwaka wa umri wa 12 hadi 15 una robo ya asilimia moja ya bei. Kila mwaka wa 16 hadi 23 una nusu ya asilimia. Chukueni mfano wa Mkenya mwenzetu Victor Wanyama, aliyeuzwa na Celtic kwenda Southampton mwaka 2013 kwa bei iliyotajwa kuwa pauni milioni 12.5. Nusu ya asilimia ya fedha hizo ni pauni 62,500, na hiyo ni kwa mwaka mmoja tu wa kumlea. Timu ya mtaani ingeishi miaka mingi kwa fedha hizo.

Lakini haki hiyo hufuata kumbukumbu. Kijana aliyecheza kwenu tangu miaka 13 bila kusajiliwa rasmi, kwa mujibu wa karatasi hakuwahi kuwa wenu. Basi wasajilini watoto katika mfumo wa FIFA Connect unaotumiwa na FKF, kila msimu, kwa tarehe sahihi ya kuzaliwa iliyo kwenye cheti. Msidanganye umri, ule mwaka mmoja mnaoupunguza ili kushinda kombe la wilaya ndio utakaowanyima fedha na kumharibia kijana maisha. Tangu Novemba 2022 malipo haya hupitia taasisi maalum ya FIFA iliyoko Paris, na nayo huikagua klabu kabla ya kuilipa: nani anaiongoza na akaunti ya benki ni ya nani. Yote yanarudi pale pale, kwenye swali la timu ni ya nani.

Kijana akinunuliwa na klabu kubwa ya Nairobi au ya Tanzania, msitosheke na seti ya jezi na mkono wa shukrani. Andikeni kwenye mkataba kwamba akiuzwa tena klabu yenu itapata sehemu. Exeter City ya Uingereza, klabu inayomilikiwa na mfuko wa mashabiki wake tangu 2003, ilimlea Ollie Watkins ikamuuza Brentford mwaka 2017 kwa sharti la namna hiyo. Brentford walipomuuza Aston Villa mwaka 2020, fedha zikarudi Exeter bila wao kupiga mpira hata mara moja.

Mwekezaji akija kweli, mwenye nia na fedha, msimfukuze. Simba ya Dar es Salaam walipoamua kubadili mfumo, msimamo ulikuwa wanachama wabaki na asilimia 51 na mwekezaji Mohammed Dewji apate 49. Timu ya daraja la chini haina ukubwa wa Simba, lakini hesabu hiyo inafaa hata kwa timu ya Bondeni au Majengo: mgeni apewe sauti, apewe ripoti, apewe kiti kwenye bodi, na kura nyingi zibaki kwa wanachama. Na fedha zake ziingie benki kabla ya picha za kupeana mikono.

Neno juu ya kupanda daraja, maana hapo ndipo furaha huua. Daraja la Pili na la Kwanza huchezwa kwa kanda. Ligi ya Super ya Taifa ni nchi nzima, na timu ya kisiwani inajikuta na safari za Kisumu na Kakamega, malazi ya usiku, na kurudi Jumatatu wakati vijana wanatakiwa kazini. Mechi tano kabla ya msimu kwisha, mkiwa mnaongoza, iteni mkutano na muweke mezani bajeti ya daraja la juu. Kama fedha hazipo na hakuna njia ya kuzipata, semeni hivyo mbele ya wanachama. Kubaki chini mwaka mmoja mkijijenga si fedheha. Fedheha ni kukosa mechi tatu na kufutwa.

Wachezaji nao wana haki yao. Msiwaahidi mishahara msiyoweza kuilipa. Wapeni nauli na chakula kwa uhakika, na muhakikishe kila mmoja amejisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) na michango yake imelipwa, ili akivunjika Jumapili asifike hospitalini Jumatatu akiwa hana lolote. Tengeni shilingi kumi katika kila mia inayoingia kwa ajili ya majeruhi, na fungu hilo lisiguswe kwa nauli, hata siku ya fainali.

Msimu ujao haujaanza. Iteni mkutano kabla ya dirisha la usajili kufunguliwa, msomeeni kila mtu rasimu ya katiba kwa sauti, na muiombe kila familia yenye mtoto kwenye timu ilete mtu mmoja. Mwenye timu wa sasa akae mbele, ashukuriwe kwa aliyoyafanya, na awe wa kwanza kulipa ada yake ya uanachama ya shilingi 50 kama wenzake.